Usukani na Kulala kwa Chombo: Namna Vyombo vya Tanga Vinavyoongozwa Baharini

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

Asubuhi za kipupwe, mtu asimamaye katika ufukwe wa Mbezi Beach, Manispaa ya Kinondoni, huona matanga yakikatiza maji yaliyo kati ya pwani na kisiwa cha Mbudya. Kwa mbali chombo huonekana kimelalia ubavu mmoja, na mtazamaji asiye na uzoefu hudhani kwamba ki karibu kupinduka. Mara nyingi hakipinduki. Kulala huko ni sehemu ya kazi ya kawaida ya chombo cha tanga. Hatari huanza pale nahodha asipotambua kuwa kadiri chombo kinavyozidi kulala, ndivyo usukani alioushika unavyobadilika tabia.

Usukani, ambao wazee wa pwani waliuita pia shikio, ni ubao uliosimamishwa katika tezi, nyuma kabisa ya chombo, ukashikizwa kwa bawaba za chuma. Juu yake huchomekwa kana, yaani mti anaoushika msukani. Kana ikisukumwa kulia, ubao hugeukia kushoto na omo huelekea kushoto. Wanaoanza kujifunza hukosea hapa, hasa waliozoea gari. Tofauti nyingine na gari ni kwamba usukani wa chombo hauvuti omo, bali husukuma tezi. Kwa hiyo nahodha anayepita karibu na mwamba au gati hana budi kukumbuka kuwa omo ikikwepa upande mmoja, tezi hutupwa upande wa pili.

Usukani hauna nguvu yake wenyewe. Nguvu huletwa na maji yanayopita kandokando ya ubao, na kasi ya chombo ikiongezeka maradufu, nguvu hiyo huwa mara nne. Ndiyo sababu chombo kilichosimama hakiongozeki, hata kana ikivutwa kwa mikono miwili. Vilevile, ubao ukigeuzwa kupita kiasi, takriban digrii 35, maji huacha kuufuata kwa ulaini, nao huwa breki zaidi ya kuwa usukani.

Usukani wa nyuma ni uvumbuzi wa kale. Kinyago cha udongo cha chombo kutoka Guangzhou nchini China, cha karne ya kwanza, kinauonesha. Katika karne ya 10 mwanajiografia Al-Muqaddasi aliandika kuhusu manahodha wa Bahari ya Shamu walioongoza kwa kamba mbili, moja kulia na nyingine kushoto. Huko Ulaya michongo ya Zedelgem na Winchester inayouonesha ni ya takriban mwaka 1180. Mabaharia wa Bahari ya Hindi hawakuusubiri kutoka huko.

Sasa tuangalie kulala kwenyewe. Upepo husukuma tanga juu, na maji huzuia mwili wa chombo chini. Matokeo yake ni chombo kuinama kuelekea upande upepo unakokwenda, ambao mabaharia huuita upande wa demani. Upande wa pili, unakotoka upepo, ni wa goshi. Chombo kinapoinama, tanga hutoka nje ya mstari wa mkuku na kuning'inia juu ya maji ya demani. Nguvu ya kusukuma mbele inakuwa huko pembeni, ilhali ukinzani wa maji umebaki kwenye mwili wa chombo. Ni sawa na kusukuma mkokoteni kwa kushika pembe moja tu: lazima utageuka. Chombo hugeuka kuelekea goshi, na umbo la ubavu uliozama, ambao umetuna kuliko ule ulioinuka, huongeza mvuto huohuo.

Msukani huuhisi mvuto huo mkononi. Kana huwa nzito, naye huivuta kuelekea goshi ili kuirudisha omo katika njia. Uzito kidogo una faida, kwa kuwa msukani akiiachia kana, chombo hujielekeza penye upepo na kupunguza mwendo chenyewe. Uzito ukizidi, mambo huharibika kwa pamoja. Ubao uliogeuzwa sana huburuta maji na kupunguza kasi. Kasi ikipungua, usukani hudhoofika. Zaidi ya hayo, ubao wenyewe umelala pamoja na chombo. Kwa hesabu za kawaida, chombo kikilala digrii 20, asilimia 94 ya nguvu ya usukani bado hugeuza. Kikilala digrii 40, hubaki asilimia 77, na sehemu nyingine ya nguvu hiyo huinua tezi na kuzamisha omo. Chombo chenye usukani mfupi huweza hata kuutoa ubao nje ya maji. Hapo nahodha ameshika mti usio na kazi.

Ndiyo maana tiba ya kana nzito huanzia kwenye tanga. Kamba inayovuta pembe ya nyuma ya tanga, nayo pia huitwa demani, hulegezwa kwanza. Upepo humwagika, chombo husimama, na usukani huwa mwepesi tena. Anayeng'ang'ania kana huku demani imekazwa anapigana na tanga lake mwenyewe. Upepo ukiendelea kuzidi, tanga hutuliwa au hubadilishwa kwa dogo.

Ngalawa ina tabia yake. Ndubi zake mbili, moja kila ubavu, huizuia isilale sana: ile ya demani hukanyaga maji na kuyapa msukumo wa kuiinua. Lakini upepo ukiikandamiza mpaka izame, huburuta maji na kuivuta omo kuelekea demani, kinyume kabisa na mashua. Mvuvi aliyekulia katika ngalawa kisha akapewa mashua hukuta mkono wake umefundishwa somo jingine. Katika ngalawa mwenzake huketi nje upande wa goshi kuwa uzani, na uongozaji hufanywa kwa usukani mdogo au kafi.

Hatari nyingine hutoka nyuma. Katika msimu wa kusi, chombo kielekeacho kaskazini hufukuzwa na mawimbi. Wimbi linapoinyanyua tezi, maji yaliyo juu yake huenda upande uleule wa chombo, na kwa sekunde chache usukani hukosa maji ya kuushika. Chombo hugeuka ubavu mbele ya wimbi na kulala ghafla. Kupunguza tanga mapema na kusogeza uzito kidogo kuelekea tezi husaidia ubao ubaki ndani ya maji. Usemi wa mambo kwenda mrama, unaotumiwa leo hata na watu wasiowahi kupanda chombo, umetokana na kuyumba huku.

Uzito ulio juu, au unaohama, huzidisha yote hayo. Farumi huwekwa chini kabisa na kuzuiwa isiteleze. Abiria huketi chini, tena hawahamii wote ubavu mmoja. Sheria hii haichagui tanga wala injini: Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere, chenye uwezo wa kubeba abiria 101, kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara katika Ziwa Victoria kikiwa kimezidisha abiria, na zaidi ya watu 200 walipoteza maisha.

Tahadhari za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) kwa watumiaji wa bahari hutaja upepo unaozidi kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayozidi mita mbili. Nguvu ya upepo katika tanga hukua kama ile ya maji katika usukani: upepo wa kilomita 40 husukuma mara nne ya ule wa kilomita 20, kwa tanga lilelile na mkuku uleule. Usalama wa vyombo vidogo vya usafiri majini husimamiwa na Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC), lakini kuna ukaguzi ambao nahodha huufanya mwenyewe kila alfajiri kabla ya kutweka: bawaba hazijalegea, kana imekaa imara katika tundu lake, kafi ya akiba imo ndani, jaketi okozi zinatosha watu wote, na demani imefungwa fundo linalofunguka kwa mvuto mmoja.