Kumficha mnyama pichani

Kumficha mnyama pichani ni mchezo wa kuhariri picha ambapo mshiriki huweka mnyama ndani ya picha ya mandhari kwa namna ambayo mtazamaji atamwona kwa shida, ingawa mnyama mwenyewe yupo wazi mbele ya macho yake. Kwa kawaida washiriki wote hupewa picha ya mnyama mmoja. Kila mmoja hutafuta mandhari yake, na mshindi ni yule ambaye mnyama wake ametafutwa kwa muda mrefu zaidi kabla ya kuonekana. Sharti la msingi ni kwamba mnyama lazima aonekane pindi mtu anapoonyeshwa alipo. Aliyefunikwa kabisa na kichaka hajafichwa, ameondolewa tu.

Mchezo huu ni wa kirafiki na hauhitaji zaidi ya kompyuta au simu. Hata hivyo unagusa mambo mawili makubwa: namna wanyama wanavyojificha porini, na kiasi ambacho picha inaweza kuaminiwa kuwa ushahidi. Mifano ya mandhari katika makala hii imetolewa hasa katika wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoa wa Kagera, kaskazini magharibi mwa Tanzania, ambako vilima vya nyasi, misitu ya miombo na vinamasi vya mafunjo hupatikana kwa umbali mfupi.

Chimbuko

Wazo la kumficha mnyama ndani ya picha ni la zamani kuliko kompyuta. Mwaka 1896 mchoraji Mmarekani Abbott Thayer alieleza kwa nini wanyama wengi wana rangi nzito mgongoni na nyepesi tumboni. Jua huwapiga kutoka juu, hivyo mgongo huangazwa na tumbo huingia kivulini. Rangi zao zimepangwa kinyume cha mwanga huo, na matokeo yake mwili wa mviringo huonekana bapa. Mwaka 1907 Thayer alichora tausi aliyezama katika majani ya msitu, na mwaka 1909 yeye na mwanawe Gerald walitoa kitabu kikubwa kuhusu rangi za kujificha.

Tatizo la Thayer ni kwamba hakujua pa kukomea. Alidai kuwa karibu kila mnyama amefichwa na rangi zake, hata heroe, ambao kwa maoni yake ni wekundu ili wasionekane mbele ya mawingu ya machweo. Aliyempinga kwa ukali alikuwa Theodore Roosevelt, rais wa zamani wa Marekani, aliyekuwa ametoka kuwinda Afrika Mashariki mwaka 1909 na 1910. Kwa Roosevelt, pundamilia na twiga wa mbugani huonekana waziwazi, na michoro ya Thayer ilifaulu kwa sababu mandhari ilichaguliwa makusudi imfae mnyama. Hoja hiyo iliudhi sayansi ya Thayer, lakini inaeleza vizuri mchezo wenyewe: anayeruhusiwa kuchagua mandhari anaweza kumficha mnyama yeyote.

Mwingereza Hugh Cott alilifafanua jambo hilo zaidi katika kitabu chake cha mwaka 1940. Alionyesha kuwa mabaka na mistari inayokatiza ukingo wa mwili huvunja umbo la mnyama, kwa kuwa jicho hutambua kitu kwa mstari wake wa nje kabla ya rangi yake. Mwaka huohuo alipaka rangi mzinga mmoja wa jeshi kwa kanuni zake, na wa pili ukapakwa kwa njia ya kawaida ya jeshi. Katika picha zilizopigwa kutoka angani, wa Cott ulikuwa mgumu sana kuonekana. Baada ya vita alifanya utafiti wa miaka mingi kuhusu mamba wa Uganda.

Kuhariri picha kulifika mikononi mwa watu wa kawaida baada ya programu ya Photoshop kutolewa mwaka 1990. Mwaka 1994 iliongezewa uwezo wa kutumia tabaka, yaani kuweka mnyama katika ngazi yake juu ya mandhari na kumsogeza bila kuharibu kilicho chini. Programu ya GIMP, ambayo ni ya bure, ilianza mwaka 1996 na hufanya karibu kazi zote zinazohitajika katika mchezo huu.

Kazi yenyewe

Mhariri hukata mnyama kutoka katika picha yake ya asili, humbandika kwenye tabaka jipya, kisha humlinganisha na mandhari. Wanaoanza hushughulika na rangi peke yake, na hapo ndipo wengi hushindwa. Rangi inaweza kulingana kabisa na mnyama bado akaonekana kama kibandiko.

Kinachomfichua kwanza ni mwanga. Kama jua la mandhari linatoka kushoto na mnyama ameangazwa kulia, mtazamaji huhisi kasoro hata kabla ya kujua ni nini. Wilaya za Ngara na Biharamulo zipo takriban nyuzi 2.5 kusini mwa ikweta. Jua la adhuhuri hupita karibu utosini, na katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba husimama wima kabisa. Picha iliyopigwa huko saa sita mchana ina vivuli vifupi vilivyo chini ya kitu chenyewe. Mnyama aliyepigwa picha katika bustani ya wanyama ya Ulaya, ambako jua huwa chini hata mchana, huja na mwanga wa ubavuni usiolingana na mahali hapo. Dawa yake ni kutafuta mandhari ya asubuhi au jioni, au ya siku ya mawingu.

Kivuli ni jambo la pili. Mnyama asiye na kivuli huelea. Kivuli kikiwa cheusi kupita kiasi, chenyewe humwita mtazamaji. Wahariri wazoefu huchukua rangi ya kivuli kutoka kwenye kivuli halisi kilichomo katika mandhari, cha mti au cha jiwe, badala ya kutumia weusi mtupu.

Halafu kuna kingo. Mkato wa mkasi wa kompyuta huwa safi mno, ilhali manyoya hayana ukingo safi. Njia bora ni ileile ya Cott: kupitisha majani machache au tawi mbele ya mwili ili mstari wa nje ukatike mara mbili au tatu. Shina moja mbele ya shingo hufaa kuliko kichaka kizima mbele ya kiwiliwili. Jicho la mnyama nalo linahitaji uangalifu, maana binadamu hutafuta macho na uso haraka kuliko kitu kingine. Ndiyo maana wengi humgeuza mnyama wao aangalie pembeni.

Mwisho ni punje za picha. Simu iliyopiga jioni hutoa picha yenye chembechembe, na mnyama laini aliyebandikwa juu yake hung'aa kama sarafu mpya. Mhariri huongeza chembechembe kwa mnyama, au hupunguza ukali wake, hadi vilingane.

Mandhari ya Ngara na Biharamulo

Mnyama anayefaa zaidi mandhari ya ukanda huu ni nzohe, swala wa vinamasini. Jina lake la kisayansi, *Tragelaphus spekii*, linamkumbuka mpelelezi John Hanning Speke, aliyekaa Karagwe kwa mfalme Rumanyika kuanzia mwishoni mwa mwaka 1861, na ni mnyama wa Karagwe aliyetumiwa kuieleza spishi hiyo kwa mara ya kwanza. Nzohe ana kwato ndefu zilizopanuka ambazo humzuia kuzama katika tope. Akishtuliwa huingia majini na kubaki na pua tu juu. Rangi yake ya kahawia na mistari myeupe hafifu hufanana na mashina makavu ya mafunjo. Katika picha ya ukingo wa ziwa Burigi au mto Kagera mhariri hana kazi kubwa: amsimamishe nzohe wima kama mafunjo yalivyo, azamishe miguu, na apunguze weupe wa mistari. Wahariri wengi hukosea kwa kumweka mbele, palipo maji wazi. Nzohe hukaa ndani.

Miombo ya Biharamulo ni mandhari ya chui. Madoa yake hufanya kazi pale tu palipo na mwanga unaopenya majani na kuanguka ardhini kwa vipande. Chui huyohuyo akiwekwa juu ya jani la mgomba katika shamba la Ngara, penye kijani kitupu, huonekana kutoka upande wa pili wa chumba. Vilima vya nyasi vya Ngara navyo hubadilika kwa msimu. Kuanzia Juni hadi Agosti nyasi huwa za rangi ya majani makavu, na swala pala mwekundu aliyelala karibu na kichuguu hupotea. Mvua zikinyesha kila kitu hugeuka kijani na swala huyo hana pa kwenda.

Mashindano mengine yana kanuni ya ziada kwamba mnyama lazima awe anaishi kweli mahali hapo. Ni kanuni nzuri, hasa mashuleni, kwa sababu humlazimisha mshiriki kujua anachokiweka. Chui milia katika miombo ya Biharamulo ni kichekesho, kwani mnyama huyo ni wa Asia.

Kufichwa kwa macho ya nani

Mchezo hupima macho ya binadamu, lakini mnyama porini hamkwepi binadamu peke yake. Mwaka 2016 Amanda Melin, Tim Caro na wenzao walichapisha utafiti uliotumia picha za pundamilia zilizopigwa Tanzania. Walizichuja kwa kompyuta ili zionekane kama zinavyoonekana kwa macho ya simba na fisi, ambao hawaoni vitu kwa ukali kama mtu. Iligundulika kwamba mchana, zaidi ya mita 50, binadamu bado anaona mistari ya pundamilia lakini wawindaji wake huishindwa kuitofautisha. Wakati wa mapambazuko na machweo umbali huo hushuka hadi mita 30. Kwa hiyo mistari haiwezi kuwa imekusudiwa kumficha kati ya miti machoni pa simba wa mbali. Caro na wenzake wamependekeza kuwa faida yake ni kuwachanganya nzi wanaouma. Roosevelt hakuwa na kompyuta, lakini kuhusu pundamilia alikuwa karibu na ukweli kuliko Thayer.

Nchini Zambia, Jolyon Troscianko, Martin Stevens na Claire Spottiswoode walitumia picha za virukanjia, ndege wa usiku ambao mchana hulala juu ya majani makavu, pamoja na ndege wengine watagao chini. Picha hizo ziligeuzwa pia kuwa mchezo wa mtandaoni ambapo watu walishindana kumtafuta ndege au mayai yake. Matokeo ya utafiti wao wa mwaka 2016 yalionyesha kuwa viota vilivyofanana zaidi na mazingira yake viliponea wawindaji mara nyingi zaidi.

Picha kama ushahidi

Mchezo ukitoka nje ya kundi la wachezaji hubadilika sura. Picha ya simba aliyebandikwa nyuma ya zahanati, ikisambazwa katika simu bila maelezo, inaweza kuwafungia watoto ndani na kuwatoa askari wa wanyamapori porini bure. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, ambayo hukataza kuchapisha habari za uongo kwa kujua. Kwa sababu hiyo waandaaji makini hutaka neno linaloonyesha kuwa picha imehaririwa liandikwe juu ya picha yenyewe. Kuliandika katika maelezo ya pembeni hakutoshi, kwa kuwa maelezo hubaki nyuma picha inapotumwa tena.

Katika Ngara na Biharamulo jambo hili lina uzito wa pekee. Mwishoni mwa Aprili 1994 wakimbizi wa Rwanda wanaokadiriwa kufikia 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa saa 24 hivi na kuingia Ngara. Kambi kubwa kama Benaco zilihitaji kuni na nyama kila siku, na mapori ya akiba ya Burigi na Biharamulo yalipoteza miti na wanyama wengi. Mwaka 2019 mapori ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yaliunganishwa kuwa Hifadhi ya Taifa Burigi-Chato, yenye kilomita za mraba 4,707. Mahali ambapo wanyama walipungua kiasi hicho, kila picha ya kweli ni taarifa, na kila picha ya uongo huharibu hesabu.

Thamani ya picha zisizoguswa imeonekana Serengeti. Kuanzia mwaka 2010 mradi wa Snapshot Serengeti ulifunga kamera 225 zinazojipiga zenyewe katika eneo la kilomita za mraba 1,125, na kufikia mwaka 2013 zilikuwa zimetoa mafungu ya picha milioni 1.2. Watu wa kujitolea zaidi ya 28,000 waliyapitia kupitia intaneti. Karibu robo tatu hayakuwa na mnyama yeyote. Kamera zilikuwa zimeamshwa na nyasi zinazopepea. Kumtafuta mnyama katika yaliyobaki, wakati mwingine sikio tu pembeni, ni mchezo uleule bila mhariri.

Mashindano makubwa ya picha za wanyamapori yanayoendeshwa London, Wildlife Photographer of the Year, huwadai wanaofika fainali faili la asili kama lilivyotoka katika kamera. Hata hilo halitoshi kila mara. Picha ya mbwa mwitu iliyoshinda mwaka 2009 iliondolewa baada ya waamuzi kuamini kuwa mnyama huyo alikuwa wa kufugwa. Mwaka 2018 iliondolewa picha ya mhanga wa Brazili iliyokuwa imeshinda mwaka uliotangulia, baada ya wataalamu kuhitimisha kwamba mnyama huyo alifanana mno na aliyekaushwa na kuwekwa kwenye lango la hifadhi. Mpiga picha alikana. Katika kesi zote mbili hapakuwa na swali la programu ya kuhariri: kilichobishaniwa ni mnyama aliyesimama mbele ya kamera.