Ukoo wa Speke, Jina la Kigong'ota

Ghuba ya Speke katika Ziwa Victoria, baina ya Ukerewe na Magu, imebeba jina la ndege. Katika Kifaransa cha kale, espec ni kigong'ota, yule atoboaye magogo kwa mdomo. Jina liliingia Uingereza na Wanormani walioiteka mwaka 1066. Kati ya wa mwanzo kulibeba ni Walter Espec, bwana wa Helmsley, aliyeianzisha abasia ya Rievaulx mwaka 1132. Hakuacha mtoto; mali ikarithiwa na dada zake watatu. Kitongoji cha Speke kilichoko Liverpool kisikuchanganye, kwani asili yake ni neno jingine kabisa, lenye maana ya vichaka.

Ukoo wenyewe ulikita mizizi kusini-magharibi, Devon na Somerset, na katika karne ya 15 ukawa na makao Whitelackington, karibu na mji mdogo wa Ilminster. Duke wa Monmouth alipomwasi Mfalme James II mwaka 1685, Charles Speke alinyongwa hukohuko Ilminster kwa kuhusishwa na uasi huo.

John Hanning Speke, mpelelezi ambaye ghuba imepewa jina lake, alizaliwa mwaka 1827. Tarehe 3 Agosti 1858 alifika Mwanza akaliona ziwa, na ubavuni mwake alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa utotoni akauzwa hadi India. Wawili hao walielewana kwa Kihindustani. Maswali ya Speke na majibu ya wenyeji yalipita kinywani mwa Bombay. Wenyeji walisema Nyanza. Mgeni akaandika Victoria. Kwangu mimi, ghuba ile ilimstahili Bombay zaidi.

Speke hakuoa. Tarehe 15 Septemba 1864, kesho yake akiwa amepangiwa kujadiliana na mpelelezi mwenzake Richard Burton hadharani mjini Bath kuhusu chanzo cha Nile, bunduki yake ilifyatuka akiwa windoni, akafa. Akazikwa Dowlish Wake, kijijini kwao Somerset. Malkia Victoria akaruhusu nembo ya ukoo iongezewe mamba, kiboko na neno Nile. Wanyama wa mito yetu wakawa walinzi wa ngao ya kigong'ota.

Leo wenye jina hilo Uingereza ni wachache. Huku kwetu lipo kwenye ghuba, kwenye mlima mmoja wa Ruwenzori wenye mita 4,890, na kwa ndege mwingine: kwera wa Speke, wa manjano na uso mweusi, anayesuka viota vyake kwenye miti ya Nairobi.