Jina na Mwenyewe: Historia Fupi ya Vielekezi na Miundo katika Lugha C

Miongoni mwa istilahi za kompyuta zinazowatatiza wafasiri wetu ni zile za lugha ya programu iitwayo C, hasa panapoelezwa namna ya kuvipa thamani vijenzi vya muundo kwa kupitia kielekezi. Tumeonelea ni vema kuieleza historia ya jambo hili, kwani asiyeijua huenda akachagua neno lenye kupendeza sikioni lakini lenye kupotosha maana.

Lugha C iliundwa na Dennis Ritchie katika maabara za Bell huko Marekani, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanyika mwaka 1972. Ilitokana na lugha B ya Ken Thompson, nayo B ilitokana na BCPL ya Mwingereza Martin Richards. Katika B hapakuwa na aina za data. Namba na anwani ya mahali katika kumbukumbu vilihesabiwa kuwa kitu kimoja. Mwaka 1972 Thompson alijaribu kuuandika mfumo wa Unix kwa C ya awali, ambayo haikuwa na miundo, akaiacha kazi hiyo. Miundo ilipokwisha kuongezwa, kiini cha Unix kiliandikwa upya kwa C katika kiangazi cha 1973.

Muundo ni fungu la data lenye sehemu zenye majina, ambazo hapa tunaziita vijenzi. Tarehe, kwa mfano, yaweza kuwa muundo wenye vijenzi siku, mwezi na mwaka. Kielekezi ni data ihifadhiyo anwani ya kitu kingine. Ikiwa p ni kielekezi cha tarehe, sentensi p->mwaka = 1973 huagiza hivi: nenda kwenye muundo unaoelekezwa na p, ukakipe kijenzi mwaka thamani 1973. Ni sawasawa na kuandika (*p).mwaka = 1973; mabano hayana budi kuwapo, kwa sababu nukta hushika kabla ya nyota. Lakini p = q haigusi tarehe yoyote; hukigeuza kielekezi tu, kikaelekea kwingine. Kubadili anwani juu ya bahasha si kubadili vyombo vilivyomo nyumbani.

Hapo mwanzo alama -> ilikuwa na ulegevu mkubwa. Jina la kijenzi lilimaanisha aina ya data na umbali wake kutoka mwanzo wa muundo, basi. Kompaila haikuuliza kama kielekezi kilikuwa cha muundo ule hasa. Hivyo thamani iliweza kuandikwa mahali pasipo pake, wala pasitokee onyo. Tena, majina ya vijenzi vya miundo yote yalikuwa katika kapu moja. Ndiyo sababu waandishi wa programu walizoea kuyatia viambishi, kama tusomavyo hata leo katika tm_sec na st_size. Ulegevu huo ulikazwa polepole, hata sanifu ya Marekani ya 1989 ikathibitisha kwamba kila muundo unamiliki majina ya vijenzi vyake.

Kutokana na hayo, twapendekeza mambo mawili. Kwanza, mfasiri asiseme “kukipa kielekezi thamani” anapokusudia kijenzi. Aseme “kukipa kijenzi thamani kwa kupitia kielekezi”. Maneno haya mawili, kwa kupitia, yasiachwe kwa ajili ya ufupi, kwani mwanafunzi akiyakosa atabadili anwani huku akidhani amebadili data. Pili, neno kiungo lisitumike kwa maana ya kijenzi, kwa kuwa limekwisha kuzoeleka kwa maana ya kiunganishi cha kurasa za intaneti, na yote mawili huweza kukutana katika kitabu kimoja cha kompyuta.

Huenda msomaji akauliza: je, kielekezi hakigongani na kitenzi elekezi cha wanasarufi? Hakigongani, kwa kuwa kila fani inamiliki istilahi zake, kama kila muundo unavyomiliki majina ya vijenzi vyake. Hatari ipo pale neno moja linapobeba maana mbili ndani ya fani moja. Watunzi wa C walihitaji miaka mingi kuliondoa tatizo hilo katika lugha yao. Sisi twaweza kuliepuka tangu sasa, kabla vitabu vyetu vya kufundishia havijawa vingi.