Mvua Inapoaga Uasin Gishu

Ikweta inapita chini ya kilomita 60 kusini mwa Eldoret. Mchana na usiku huku hukaribia kulingana mwaka mzima, na hakuna anayengoja majani ya miti yageuke rangi. Mwaka wetu hugawanywa na mvua. Hushika Machi au Aprili, hufikia kilele Julai na Agosti, kisha ngurumo za alasiri hupungua Septemba ikielekea ukingoni. Ikifika Oktoba, hata huku mjini, mtaani West Indies, gumzo ni bei ya gunia la mahindi.

Uwanda huu uko mita 2,100 hivi juu ya usawa wa bahari, na baridi yake huchelewesha mahindi: mbegu za nyanda za juu hukaa shambani miezi sita hadi minane. Kwa hiyo tunavuna mara moja tu kwa mwaka, na kila kitu hutegemea mvua kuondoka kwa wakati wake. Naamini historia ya Uasin Gishu haieleweki bila wiki hizo chache za mvua kuaga.

Kabla ya jembe, wafugaji wa hapa walihesabu majira kwa nyasi. Mashimo ya Sirikwa, yaliyokuwa mazizi ya ng'ombe karne nyingi zilizopita, bado yanaonekana kwenye miteremko. Wakaja Wamaasai wa Uasin Gishu, ambao vita vya karne ya 19 viliwatawanya, na Wanandi wakalisha mifugo yao uwandani. Mvua ilipokatika, mifugo ilifuata maji na malisho. Mgeni aliyepita wakati huo aliona nchi tupu, kumbe wenyewe walikuwa wamehama kwa muda.

Kosa hilo la kutazama lilikuwa na uzito mkubwa. Mwaka 1903 Uingereza iliwapa Wazayuni, Wayahudi waliotafuta nchi yao wenyewe, pendekezo la kuhamia hapa. Mapema 1905, katikati ya kiangazi, tume ya watu watatu, Gibbons, Kaiser na Wilbusch, ilizunguka uwandani. Ripoti ya Wilbusch ilikuwa ya kukatisha tamaa kabisa. Sababu za mkutano mkuu wa Wazayuni kulikataa pendekezo mwaka huohuo zilikuwa nyingi, Palestina ikiwa ya kwanza, lakini nyasi zilizokauka hazikulitetea. Tarehe 19 Oktoba mwaka huo, Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, aliuawa, na upinzani wao dhidi ya Waingereza ukavunjwa kwa nguvu.

Makaburu kutoka Afrika Kusini, wakiongozwa na Jansen van Rensburg, waliona sura nyingine ya uwanda. Waliondoka Nakuru Agosti 1908, mvua ikiwa imepamba moto, na magari yao ya maksai yakazama kwenye matope ya misituni. Walipofika uwandani Oktoba, mvua ilikuwa inalegea na nyasi zingali mbichi. Wakalima ngano na mahindi katika ardhi ambayo serikali ya kikoloni iliigawa kana kwamba haikuwa na mwenyewe. Reli ilipofika Eldoret mwaka 1924, mavuno yakapata njia ya kwenda Mombasa.

Baada ya uhuru, mashamba mengi yaligawanywa, na mbegu chotara zilizotoka Kitale kuanzia miaka ya 1960 zikaongeza mavuno ya wakulima wadogo. Desemba ikawa mwezi wa ghala kujaa, karo kupangwa, na vijana wa Kikalenjin kwenda jandoni. Ndiyo maana machafuko ya baada ya uchaguzi yaliyozuka mwishoni mwa Desemba 2007 yaliuma mara mbili: maghala yaliteketezwa yakiwa na mahindi mapya, na Machi ilipofika wengi walikuwa kambini badala ya shambani.

Siku hizi hofu ni mvua isiyojua kuondoka. El Niño ya 1997 na ile ya 2023 zilimwaga maji Oktoba na Novemba, wakati mabua yalipopaswa kukauka. Punje yenye unyevu unaozidi asilimia 13.5 huota ukungu ghalani, na ukungu huo waweza kuzaa sumukuvu inayodhuru ini. Serikali ilileta mashine za kukaushia, lakini mwenye magunia kumi kijijini, asiye na pesa za kusafirisha, hubaki kuanika kwenye turubai barabarani. Akiona wingu, huita watoto waanue. Dalali akijua mzigo una maji, hukata bei papo hapo. Kaunti inayolisha nchi ingestahili kikaushio katika kila kata, tena kabla ya Oktoba.