Wavu wa Ngiri na Utumbo Unaoteleza

Mwanamume wa Kahororo, Bukoba, mzoefu wa kubeba mikungu ya ndizi, huanza kwa kuona uvimbe kwenye kinena. Akisimama unatokeza, akilala unarudi. Hiyo ni ngiri. Wengi hukaa nao miaka. Watafiti waliopiga hesabu ya Tanzania nzima walikadiria kuwa takriban 12% ya wanaume wazima wana ngiri ya kinena. Huko Pemba, madaktari wa Bulgaria walioandika mwaka 1969 waliikuta kwa karibu 30% ya wanaume.

Kwa muda mrefu tiba ilikuwa sindano na uzi. Daktari wa upasuaji Edoardo Bassini wa Padua alitangaza njia yake mwaka 1887: vuta msuli, ushone, ziba tundu. Lakini nyama iliyovutwa kwa nguvu huweza kuachia, na ngiri ikarudi. Mwaka 1958 Francis Usher wa Houston akaeleza wavu wa plastiki. Miaka ya 1980 Irving Lichtenstein wa Los Angeles akaufanya wavu kuwa njia ya kila siku. Unatandazwa tu, pasipo kuvuta kitu.

Wavu ule ulikuwa ghali. Bugando, Mwanza, hospitali ya rufaa ya Kanda ya Ziwa, iliripoti mwaka 2012 wagonjwa 452, na wengi wao walishonwa kwa njia ya Bassini. Jibu likatoka Kamuli, Uganda, nchi tunayopakana nayo. Huko wanaume 302 waligawiwa wavu wa dukani au wavu uliokatwa kwenye neti ya mbu isiyo na dawa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016: baada ya mwaka mmoja makundi mawili hayakutofautiana kwa maana yoyote. Wazo lenyewe lilikuwa limeanza India, kwa daktari Ravindranath Tongaonkar.

Wavu wa kinena hukaa nje ya utando wa ndani ya tumbo, mbali na utumbo. Hatari ya wavu kugandana na utumbo huwa kubwa kwenye ngiri ya kitovu au ya kovu la upasuaji, pale wavu unapowekwa ndani na kugusana na utumbo. Utando uliokwaruzwa hutoa ute unaonata. Ukikomaa, utumbo hugandana na ukuta wa tumbo. Maumivu huja, wakati mwingine utumbo huziba. Na daktari anayetaka kupasua tena hajui kisu kitakutana na nini.

Hapo ndipo altrasaundi inapoingia. Ian Donald wa Glasgow aliionesha dunia matumizi yake tumboni mwaka 1958, mwaka uleule wa wavu wa Usher. Lakini nyuzi za mgandano ni nyembamba, hazionekani vizuri. Mwaka 1991 Bernard Sigel na wenzake wakachapisha njia ya kutazama kitu kingine: mwendo. Mgonjwa anavuta pumzi ndefu, na utumbo usiogandana huteleza sentimeta kadhaa chini ya ukuta wa tumbo. Mwendo huo usipofika sentimeta moja, pashukiwe kuwa pamegandana.

Njia hii haioni utumbo uliogandana na utumbo mwenzake, wala haifuti haja ya daktari mzoefu. Lakini inanipa matumaini makubwa, kwa sababu haidai mashine ngeni: ni ileile inayompima mjamzito. Jeli inapakwa karibu na kovu, kifaa kinasogezwa polepole sehemu kwa sehemu, na kila mara mgonjwa anaombwa avute pumzi tena.