Saa za Thamani na Mafundi Wake: Habari za Bonde la Ruzizi

Luvungi imekaa katika bonde la mto Ruzizi, baina ya Kamanyola na Uvira, kwenye barabara ishukayo kutoka Bukavu hata Ziwa Tanganyika. Na kila zinapoelezwa habari za saa katika nchi hii, aghalabu hutajwa kwanza Wabelgiji, meli zao na reli yao. Lakini asili ya habari hizi ni ya kale zaidi, nayo haikuanza kwa saa zilizokwenda, bali kwa saa zilizosimama kwa kukosa fundi.

Mwezi wa Aprili 1858 Waingereza wawili, Burton na Speke, walifika Uvira kwa mitumbwi wakitokea Ujiji, wakitaka kujua kama Ruzizi huingia ziwani au hutoka humo. Wakaambiwa na wenyeji kuwa huingia, nao wakarejea bila ya kuuona mlango wa mto kwa macho yao. Walikuwa wameondoka pwani na saa za kronomita, ambazo ziliundwa kwa ajili ya mabaharia na ambazo zama zile hapakuwa na saa zilizozipita kwa usahihi wala kwa thamani; lakini kwa joto, na unyevu, na mtikisiko wa mizigo mabegani mwa wapagazi, zikaharibika moja baada ya moja, na kutoka Unguja hata ziwani hapakuwa na mkono wa kuzifungua na kuzirudisha katika hali yake. Ikawabidi watundike risasi ya bunduki kwenye uzi wa inchi 39 na kuhesabu mabembeo yake, kwa kuwa kitu kilichotundikwa kwa urefu huo huchukua sekunde moja kwenda upande mmoja na sekunde moja kurudi.

Msomaji asidhani kuwa huo ulikuwa upuuzi wa wasafiri. Umbali wa mahali kwa mashariki au magharibi hujulikana kwa saa, maana dunia huzunguka digrii moja kwa kila dakika 4, na digrii moja katika nchi zilizo karibu na ikweta ni kiasi cha kilomita 111. Basi mpima nchi ambaye saa yake imekosea dakika moja tu, hukosea mahali kwa karibu kilomita 28, na kwa kosa hilo Luvungi yaweza kuandikwa juu ya milima ya magharibi, au ng'ambo ya mto ndani ya Burundi. Msafiri Livingstone naye alipatwa na hayo: mwezi wa Januari 1867 mpagazi aliyechukua kronomita zake alianguka mara mbili kwa utelezi, na tangu siku hiyo vipimo vyake vya mashariki na magharibi vikawa na kasoro iliyowapotosha waliochora ramani kwa kumtegemea yeye. Alipokuja na Stanley kwenye mlango wa Ruzizi mwishoni mwa mwaka 1871 hakuhitaji saa, maana maji yaliyokuwa yakiingia ziwani yalionekana kwa macho. Lakini madola ya Ulaya yalipogawana nchi yalirejea kwenye saa na nyota, yakatia mwaka 1885 mstari ulionyooka kutoka ncha ya kaskazini ya Tanganyika kuelekea digrii ya 30 ya mashariki, na ubishi wa mstari huo haukwisha hata mapatano ya Brussels ya mwaka 1910, yaliyoufanya mto wenyewe kuwa mpaka.

Sasa na tutazame kile kilichomo ndani ya saa, kwani humo ndimo ilimo sababu ya fundi kuwapo. Saa ya kutiwa ufunguo haina nguvu nyingine ila kamani iliyokunjwa ndani ya ngoma yake. Kamani hukunjuka polepole na kusukuma magurudumu, na mwisho wa magurudumu hayo upo mtambo mdogo wa kuzuia na kuachia, na baada yake gurudumu la mizani, ambalo huenda na kurudi kwa springi nyembamba kama unywele. Saa nyingi za kale hupiga mara 18,000 kwa saa moja, yaani mara 432,000 kwa siku, na kwa mwaka zaidi ya mara milioni 157. Na mihimili ya magurudumu, ambayo mingine ni myembamba kuliko uzi wa kushonea, huzunguka ndani ya vito vya yakuti, kwa tone la mafuta ambalo jicho tupu halilioni vema. Mafuta hayo zamani yalitolewa katika taya za pomboo, na leo huundwa viwandani. Lakini yawe ya pomboo au ya kiwanda, hukauka, ama husafiri yakaacha mahali pake, na vumbi likiingia humo huwa tupa inayokula chuma. Saa haipigi kelele ikiliwa hivyo. Huendelea kwenda, na kwa sababu inakwenda, mwenyewe hudhani ni nzima, hata siku inapofika kwa fundi na mhimili umekwisha kulika.

Kwa ajili hiyo kazi ya fundi wa saa za thamani, ikifanywa kwa haki yake, ni kuitunza saa kabla haijafa, na watengenezaji wengi wa Uswisi huagiza ifunguliwe kila baada ya miaka 5 hata 10. Kwanza huisikiliza na kuipima ikiwa imelala chali, na ikiwa imesimama, kwani kila mkao una kosa lake. Kisha huipunguza nguvu ya kamani, kwa kuwa mwenye pupa akiifungua saa iliyojaa nguvu huvunja meno ya magurudumu. Ndipo huondoa akrabu, na sahani ya nambari, na kila daraja na kila skurubu kwa taratibu, akiviweka vitu kwa mpango atakaoufuata wakati wa kurudisha. Huviosha, hutazama kila mhimili kwa kioo cha jicho, hutia mafuta mazito mahali pa nguvu nyingi na mepesi mahali pa mwendo mwingi, na mahali pengine hatii kabisa, kwani kuzidisha mafuta ni taksiri sawasawa na kuyakosesha. Ustadi wote wa kazi hii, kwa itibari yangu, umo katika kadiri hiyo.

Hapa kwetu hali ya nchi huongeza mtihani. Bukavu imo kiasi cha mita 1,500 juu ya bahari, ilhali bonde hili ni la chini na lenye joto na vumbi la kiangazi. Springi ya chuma cha kawaida hulegea kwa joto, na saa yenye springi hiyo huchelewa karibu sekunde 11 kwa siku kwa kila digrii moja inayoongezeka. Basi saa iliyorekebishwa Bukavu, ikiletwa mahali palipozidi kwa digrii 4, itachelewa karibu robo tatu ya dakika kila siku, na mwenyewe atamlaumu fundi asiye na hatia. Dawa ya jambo hili ilitoka kwa Charles-Édouard Guillaume, mwana wa fundi saa wa Uswisi, aliyevumbua madini mchanganyiko yasiyojali joto, akapewa tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1920.

Katika zama za Wabelgiji ilijengwa reli kutoka bandari ya Kalundu, karibu na Uvira, hata Kamanyola, ikipita katika bonde hili na kupokea shehena za meli za ziwani. Na palipo na treni, pamba ya kupimwa, shule na misheni, hapana budi watu waishi kwa saa. Wengi waliitumia saa rahisi ya mtindo wa Roskopf, fundi yule aliyetoa mwaka 1867 saa ya faranga 20 kwa ajili ya watu wa kazi. Saa za thamani zilikuwa za wachache. Kisha ikaja misukosuko iliyofuatana: Bukavu ilishikwa na mamluki wa Jean Schramme kuanzia Agosti hata Novemba 1967, ikaharibiwa vibaya, na tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu akatangaza kuwa biashara za wageni zikabidhiwe raia, na maduka mengi yakabaki rafu tupu. Katika miaka hiyo hiyo ilitoka Japani saa ya kwanza ya mkono ya kwatsi, isiyo na kamani, Seiko Astron, tarehe 25 Desemba 1969, na ufundi wa saa wa Uswisi, uliokuwa na wafanyakazi wapatao 90,000 mwaka 1970, ukashuka hata kiasi cha 30,000 katikati ya miaka ya 1980.

Saa ya kamani haikufa, bali iligeuka kuwa kitu cha fahari, na kwa mgeuko huo fundi akapata wajibu mpya, wa kuhifadhi historia. Kwa mfano, Sultani Qaboos wa Omani alizoea kuwatunukia watu saa za Rolex zenye alama ya khanjari kwenye sahani, nyingine zikinunuliwa kwa mkono wa duka la Asprey la London. Na fundi ambaye, kwa nia njema, huondoa sahani hiyo akatia mpya ing'aayo, au akasugua kasha hata kingo zake zikayeyuka, huirudisha saa ikiwa inakwenda vizuri na ikiwa imekwisha kunyang'anywa ushahidi wake. Kusugua kasha bila ya kumwuliza mwenyewe nahesabu kuwa ni dhuluma.

Leo makampuni makubwa huuza vipuri kwa karakana zenye idhini yao tu, na fundi wa Bukavu au Uvira hulazimika kutoa kipuri katika saa iliyokufa ili kuiokoa iliyo hai. Kwa hiyo nawaomba wenye saa za wazee wao wasiziache kabatini zikikauka mafuta, wala wasitupe zilizovunjika, bali wampelekee fundi zote mbili. Na nawaomba mafundi waliobaki, ambao wengi wao ni watu wazima, kila mmoja amchukue kijana mmoja amkalishe mezani pake, naye asimfiche kitu.