Maua ya Siku Hiyo Hiyo: Somo la Mwaka 1910

Leo naanza na kosa langu mwenyewe, kisha niwape historia.

Mwaka 2006 nilimtengenezea tovuti mama mmoja mwenye duka la maua katika mji mdogo wa Bonde la Ufa. Niliweka picha za mashada, fomu ya oda, na maandishi makubwa: "Tunafikisha siku hiyo hiyo." Maneno hayo niliyabuni mimi. Kila oda ilikwenda kwenye barua pepe ya mama, na programu haikuwa na hitilafu hata moja. Nikajipongeza kwa soda.

Oda ya kwanza ilitoka kwa kijana aliyekuwa Marekani. Nyanyake alikuwa amefariki na yeye hakuwa na nauli ya kuja kuzika. Aliagiza shada Jumanne. Maziko yalikuwa Alhamisi. Mama naye alikuwa akienda saiba kusoma barua pepe kila Ijumaa.

"Kijana wangu," akaniambia, "hii tarakilishi yako imepokea oda, lakini mimi sikupokea." Kesho yake alilipeleka shada kaburini mwenyewe, bila kudai hata senti.

Nilipotafuta kujua wenzetu walifanyaje, nikakuta tatizo hili limezitangulia tarakilishi kwa miaka mingi.

Ua lililokatwa halingeweza kuvumilia safari ya siku kadhaa ndani ya gari moshi. Kwa hiyo tarehe 18 Agosti 1910, kundi la wauza maua wa Marekani liliunda ushirika ulioitwa Florists' Telegraph Delivery, yaani FTD. John Valentine wa Denver akawa rais wake wa kwanza. Mpango ulikuwa rahisi. Mteja analipa katika duka la Denver. Duka hilo linatuma telegramu kwa mwenzao katika mji mdogo anakoishi mpokeaji. Huyo wa pili anafunga maua yake mwenyewe na kuyapeleka. Maua hayasafiri, kinachosafiri ni maneno. Sisi wa programu tungesema mzigo mzito ulikuwa tayari upande wa pili, na waya ulibeba ombi tu.

Waya lakini haukuwa tatizo, maana kampuni za telegrafu zilikuwa zimeshautandaza. Kazi ngumu ilikuwa kuaminiana. Wa Denver atajuaje kwamba mwenzake hatapeleka maua yaliyonyauka? Na wa mji mdogo atalipwa na nani? Jibu lilikuwa uanachama, orodha ya maduka yanayojulikana, na kusawazisha hesabu kwa pamoja, ili kila duka lisiandikie kila duka hundi. Kwa kawaida aliyepokea oda alibaki na asilimia 20, na sehemu kubwa ikaenda kwa aliyeshika maua.

Ulaya nako, Max Hübner wa Berlin alikuwa ameanza jambo kama hilo mwaka 1908, na mwaka 1927 ukazaliwa mtandao wa Fleurop. Mwaka 1946 Wamarekani, Waingereza na wenzao wa Ulaya bara waliungana katika Interflora. Hesabu kati ya nchi na nchi zilifanywa kwa kipimo chao wenyewe kilichoitwa Fleurin, kilichofungamanishwa na faranga ya Uswisi. Mwaka 1965 herufi T ya FTD ikaacha kumaanisha telegrafu, ikawa Transworld. Mwaka 1979 ukaja mtandao wao wa tarakilishi, Mercury. Chombo kilibadilika, makubaliano yakabaki.

Kisha ikaja intaneti. Zilizuka tovuti zenye majina ya miji midogo ambayo hazikuwa na duka humo hata moja. Zilichukua pesa, zikakata chao, zikapitisha oda kwa muuza maua halisi na kumwachia faida nyembamba. Baadhi ya majimbo ya Marekani yalitunga sheria za kuwazuia wanaojifanya wako mjini. FTD yenyewe iliomba ulinzi wa mahakama ya ufilisi Juni 2019.

Nikikumbuka tovuti yangu ya 2006, naona nami nilitoa ahadi kwa niaba ya mtu ambaye sikumuuliza anasoma barua pepe lini.

Hatimaye tulibadilisha mambo mawili. Oda ilitumwa kama ujumbe mfupi kwenye rununu ya mama, na mteja hakuambiwa "imepokelewa" mpaka mama ajibu. Pili, tuliandika wazi kwamba oda ya baada ya saa sita mchana itafika kesho.

Malipo yalitusumbua mpaka M-Pesa ilipoingia mwaka 2007. Ukiitazama vizuri utaona ni ndugu ya telegramu za 1910. Noti hazipandi matatu kwenda kijijini. Ujumbe ndio unaokwenda, na wakala wa huko anatoa noti zilizo dukani kwake. Akiishiwa, ujumbe unafika lakini pesa hupati.

Kwa hiyo wewe unayeandika programu ya kufikisha chochote, kabla ya kugusa kibodi, nenda ukakae nusu siku na yule atakayekibeba mkononi. Muulize anapataje habari na analipwa lini.

Haya, tuonane wiki ijayo.